Mayai Yenye Haya

Kwa miaka yote ya usichana wangu niliamini kwamba Mungu amenipendelea. Wenzangu wa shule pale Ngokolo, Shinyanga, walishika matumbo kila mwezi, walikosa vipindi, waliazimana masweta ya kujifunga kiunoni. Mimi hedhi ilinijia kama mgeni wa mbali. Ilikuja mara moja wakati wa mvua, mara nyingine wakati wa kuvuna pamba, na katikati hapo kimya. Nilipomuuliza mama alisema kuna watu ndivyo walivyo, akaendelea kupepeta mchele wake. Neno hilo nililigeuza sifa. Nikaanza kuwashauri wenzangu wapunguze kujidekeza ili miili yao iwaheshimu kama wangu ulivyoniheshimu. Hakuna aliyekuwa ameniomba ushauri.

Nilipomaliza kidato cha nne, kwa matokeo ambayo hayakuhitaji sherehe, nilimfuata dada yangu mkubwa Geita. Dada alikuwa mamalishe kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, safari fupi ya pikipiki kutoka mjini. Alipika ugali, maharage na dagaa, nami nikapewa kazi ya kubeba hotpoti kuwapelekea wachimbaji walikokuwa. Ni hapo Geita ndipo ndevu zilipoanza. Unywele wa kwanza niliuona kwenye kioo cha pikipiki ya mtu, chini ya kidevu, mweusi na mgumu kama uzi wa kushonea magunia. Niliung'oa nikadhani yamekwisha. Baada ya muda wakaja ndugu zake, wakaleta na majirani.

Machimboni kuna sheria ambazo hazijaandikwa popote na kila mtu anazijua. Shimo la kuchimbia tunaliita duara, na duara lina miiko yake kama shamba lilivyo na misimu. Mwiko mkubwa kwetu sisi wanawake ulikuwa huu: mwanamke aliye kwenye siku zake hasogelei mdomo wa duara. Walisema dhahabu ikisikia harufu ya damu inakimbia, inahamia kwa jirani. Kwa hiyo kila mamalishe alikuwa na siku anazobaki kibandani, chakula chake kinapelekwa na mwingine, na wanaume wote wanajua kwa nini. Dada alikuwa na siku hizo. Shoga zake pia. Mimi sikuwa nazo, au nilikuwa nazo kwa nadra kiasi kwamba wachimbaji hawakuwahi kunikosa.

Jambo hilo lisingefika mbali kama duara moja lisingetema siku niliyowapelekea ugali. Kutema, kwa lugha ya huko, ni kutoa mawe yenye dhahabu. Wale jamaa walikuwa wamechimba msimu mzima wakipata vumbi. Nikafika na hotpoti zangu, nikaita watu wapande kula, na kabla hawajamaliza tonge la mwisho aliyekuwa amebaki chini akapiga kelele kwamba jiwe limebadilika rangi. Ilikuwa kweli. Kesho yake wakaniita tena, safari hii kabla ya njaa.

Aliyenitazama vizuri usoni alikuwa msimamizi wa duara lile, mzee wa Kisukuma mwenye sauti ya taratibu, ambaye wote walimwita baba. Alisogea, akaangalia kidevu changu bila haya, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akawaambia wenzake kwamba wazee wa kwao walisema mwanamke mwenye ndevu ana mkono wa mali. Nilipaswa kukasirika. Badala yake nilisimama wima zaidi ili mwanga unipige vizuri.

Kuanzia hapo nikawa mtu. Duara likianza sehemu mpya, niliitwa nipite kwanza. Mashine ikigoma, niliitwa niiguse. Wakaniita mama wa bahati, nami nikaanza kutembea kama mama wa bahati, taratibu, mikono nyuma. Niliacha kung'oa ndevu. Nilizipaka hata mafuta ya nazi. Dada alinitazama asubuhi moja nikizichana kwa kitana cha mtoto, akatikisa kichwa, akaendelea kukata vitunguu. Nilimhurumia, nikijua kwamba yeye wiki ijayo atafungiwa kibandani na mimi nitakuwa mdomoni mwa duara nikiheshimiwa.

Mume wangu nilimpata huko huko. Yeye hakuwa mchimbaji, alikuwa fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe. Ni Msumbwa wa Ushirombo, mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kusikiliza mashine kabla ya kuifungua. Nilipomuuliza kama ndevu zangu hazimsumbui, alifikiri kidogo akasema yeye pia anazo. Nilimwona ana busara sana. Tulifunga ndoa kwao Ushirombo, kisha tukapanga vyumba viwili Kalangalala, pale mjini Geita, nami nikaendelea kupanda kwenda machimboni kila siku kutoa bahati na ugali.

Mwaka wa kwanza wa ndoa watu waliniuliza kwa utani kama kuna jambo. Mwaka wa pili utani ukaisha. Shida ya mtu kama mimi ni kwamba kukosa hedhi, ambako kwa mwanamke mwingine ni habari, kwangu ilikuwa hali ya kawaida. Kila baada ya wiki kadhaa mume wangu alinitazama kwa matumaini, nami kwa huruma nikaenda duka la dawa kununua kipimo. Kila mara mstari ulikuwa mmoja. Muuzaji alifika mahali akawa ananifungia kipimo kwenye gazeti kabla sijasema neno.

Mama mkwe akaja kutoka Ushirombo. Ni mama mcha Mungu, wa jumuiya na rozari, lakini alikuja pia na mfuko wa mizizi, maana Mungu, alisema, ndiye aliyeiotesha. Alinikandakanda tumbo, akasema nina chango. Chango, kwa walioepushwa nalo, ni ugonjwa ambao kila mwanamke wa kwetu anaujua na hakuna anayeweza kuuonyesha ulipo. Dawa yake ilikuwa chungu kiasi kwamba nilihisi nywele za kichwani zinanyooka. Nilikunywa asubuhi na jioni, mama mkwe akinisimamia na kikombe cha maji ya kusuuzia. Niliendesha, nilitapika, nilikonda uso tu. Baada ya wiki mbili mama mkwe mwenyewe alinionea huruma. Siku ya kuondoka alinishika mkono akaniambia, kwa sauti ya chini ili mwanawe asisikie, kwamba labda niende pia nikapigwe picha hospitali. Alisema hivyo kama mtu anayenipa ruhusa ya kufanya dhambi ndogo.

Nikaenda. Niliambiwa nije nimekunywa maji mengi na nisikojoe. Kwa kuwa nilizoea kufanya mambo kwa kupitiliza, nilikunywa dumu dogo zima, kisha nikapanda bodaboda kwenye barabara yenye matuta. Sitaeleza safari hiyo. Nilipofika kwenye benchi nilikuwa nimekaa kama askari wa gwaride, na kila aliyeniambia shikamoo nilimjibu kwa kufumba macho.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani, anayezungumza kama mtu asiye na haraka hata benchi likiwa limejaa. Alinipaka jeli ya baridi tumboni, akapitisha mashine, akatazama, akapitisha tena. Kisha aliniuliza swali ambalo nililijibu kwa majivuno ya miaka yote: hedhi huja mara ngapi? Nikamwambia mimi mwili wangu haunisumbui, huja mara chache sana. Hakunisifu. Aliandika kitu, akanitazama kidevu, akaniuliza ndevu zimeanza lini. Nikataka kumwambia kuhusu duara, lakini kibofu hakikuniruhusu kusimulia.

Niliporudi kutoka chooni, nikiwa binadamu tena, alinigeuzia skrini na kunionyesha. Alisema kila mwanamke ana ovari mbili, na mayai yote yaliyomo anazaliwa nayo. Kila yai limelala kwenye kifuko chake kidogo. Kila mwezi vifuko kadhaa huamka na kuanza kujaa majimaji, lakini kwa kawaida kimoja huwatangulia wenzake, kikakua, kikapasuka na kuliachia yai. Vingine hurudi nyuma na kuyeyuka. Yai lisiposhika mimba, basi ile nyumba iliyoandaliwa kwenye kizazi hubomolewa, nayo ndiyo hedhi. Kisha akaniwekea kidole kwenye skrini. Pembeni mwa ovari yangu kulikuwa na vidoti vyeusi vimejipanga kama shanga.

Niliuliza kama vyote vile ni mayai yangu. Akasema ni vifuko, ndiyo, vyenye mayai. Nilifurahi mno. Wiki mbili nzima nimelishwa mizizi kama mbuzi, kumbe mimi ni tajiri. Nikamwambia, "Daktari, sasa kama ninayo mengi hivi, tatizo liko wapi?"

"Mengi si hoja," alisema. "Hakuna linalotangulia. Yanaanza yote, yanafika hapo, yanasimama."

Nilielewa mara moja, maana nimepika kwenye harusi nyingi. Kuna meza za wageni wenye haya: chakula kimeshawekwa, kila mtu anamwambia mwenzake anza wewe, na mwisho wali unapoa. Mayai yangu yalikuwa na haya. Ilikuwa mshangao mkubwa, maana mwenyewe sikuwahi kuwa nayo.

Alinieleza na mengine, polepole. Kwamba mwili wa kila mwanamke una vichocheo kidogo vya kiume, na wangu ulikuwa navyo kupita kiasi, ndiyo sababu ya ndevu. Kwamba hali hii huwapata wanawake wengi, haikutokana na kurogwa wala na kosa langu, na inatibika hata kama haiondoki kabisa. Na kwamba kukaa muda mrefu bila hedhi, hili jambo nililolivaa kama medali, si bahati hata kidogo, kwa sababu ukuta wa kizazi unazidi kunenepa bila kusafishwa, na kwa miaka hilo linaweza kuleta maradhi. Akaniandikia kwanza vidonge vya kuirudisha hedhi, kisha ndipo tungeanza vya kukomaza yai. Alitaka nipunguze soda na ugali, nitembee zaidi, na mume wangu naye aje apimwe.

Nilifika nyumbani nikamtangazia mume wangu kwamba nina mayai mengi kuliko kawaida. Alinipongeza. Ilinichukua jioni nzima kumwondoa kwenye furaha ile nikafika kwenye habari yenyewe. Nilipotaja kwamba naye anahitajika kupimwa, alifungua redio ambayo haikuwa mbovu, akaanza kuitengeneza. Siku ya tatu aliifunga redio akasema twende. Majibu yake yalikuwa mazuri, na kwa wiki nzima alipiga mluzi akiwa kazini, kitu ambacho hakijawahi kusikika kwenye makarasha.

Vidonge vya kurudisha hedhi nilivimeza kama nilivyoelekezwa. Nilitegemea itakuja kwa ustaarabu, asubuhi, nikiwa nyumbani. Ilikuja nikiwa mdomoni mwa duara.

Siku hiyo walikuwa wanafungua sehemu mpya. Matimba, zile nguzo za kuzuia udongo, yalikuwa yamesimikwa, winchi imefungwa, watu zaidi ya kawaida wamekuja kuangalia. Mzee msimamizi aliniita nipite mbele, niweke mguu pale ardhi ilipowekwa alama. Nilikuwa nimevaa gauni la njano, kwa sababu mama wa bahati anapaswa kuonekana. Nilipopiga hatua nilihisi tumbo linakaza kwa namna niliyokuwa nimeisahau, kisha nikahisi kilichofuata. Nilisimama. Wanaume wote walikuwa wananitazama miguu.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimeishi kwenye sheria zile na kula matunda yake, nikaona si haki kuwadanganya watu wanaoshuka ardhini kwa kamba wakiamini nimewafungulia njia. Nikamwambia mzee, kwa sauti niliyodhani ni ya chini, kwamba leo siwezi.

"Unaumwa, mayu?" aliuliza. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na alipenda kuniita hivyo.

"Siumwi," nikasema. "Niko kama wanawake wengine."

Mzee alivua kofia yake, akairudisha kichwani, akanielekeza njia ya kurudi kwa mkono wazi, kwa heshima, kama anavyosindikizwa mtu kwenye msiba. Niliondoka nikitembea kinyumenyume sehemu ya kwanza, kwa sababu ya gauni la njano. Kibandani dada yangu alinipokea, akanipa kanga ya kujifunga, akanisogezea kigoda karibu na chake. Alicheka mpaka akalazimika kuweka kisu chini. Kisha alinikandia mgongo, wala hakunikumbusha lolote kati ya yale niliyowahi kumshauri.

Duara lile jipya halikutoa kitu. Wiki zikapita, wakachimba mwamba mtupu, na habari za dawa zangu zikawa zimeenea, kwa sababu kibandani hakuna siri. Jumapili moja mchana wakaja nyumbani kwetu Kalangalala, mzee msimamizi na wachimbaji wawili wenye umri wa mume wangu, wote wamevaa mashati ya kutokea. Mimi nilikuwa chumba cha ndani. Jirani alikuwa amenifundisha kwamba manjano yaliyokorogwa na maziwa huondoa ndevu ukiyaacha yakauke, na nilikuwa nimejipaka nusu ya uso nikisubiri. Nikabaki nyuma ya pazia nikisikiliza.

Walisalimiana kwa muda mrefu, wakauliza habari za Ushirombo, za mvua, za makarasha. Wakapewa soda. Kisha mmoja wa wale wawili, msemaji wao, akaeleza kwamba wanamheshimu sana shemeji yao, yaani mimi, na kwamba hawana ubaya na hospitali. Ila mkanda wa dhahabu uko karibu, kila dalili inaonyesha. Kwa hiyo wanamwomba mume wangu, kwa unyenyekevu, anisimamishie kidogo zile dawa, nirudi nilivyokuwa, mpaka waufikie.

Mume wangu alikaa kimya kwa muda ambao wale wengine wangeudhani ni wa kufikiri. Mimi nilijua anasikiliza mashine.

"Mmekuja kuniomba mke wangu asizae," akasema.

"Siyo asizae, ndugu yangu," alijibu yule msemaji haraka. "Achelewe."

Sasa, ningependa kusema kwamba nyuma ya pazia damu ilinichemka. Ukweli ni kwamba nilianza kupiga hesabu. Nilikumbuka nilivyokuwa nikipita mbele ya watu, mikono nyuma. Nilikumbuka mashine zilizongoja niziguse. Kwa kitambo kidogo, hapo hapo nikiwa na kidevu cha manjano, nilijiona narudi kileleni, na mayai yangu yakisubiri kwa adabu kama yalivyozoea. Kilichoniamsha ni sauti ya mume wangu, aliyesema kwamba tumbo si lake, waniulize mwenyewe.

Nikafungua pazia nikatoka. Nikawasalimu, nikampa mzee shikamoo yake, nikabaki nimesimama. "Dhahabu imekaa huko chini tangu Mungu aumbe dunia," niliwaambia. "Haiozi. Mimi ndiye ninayezeeka. Mkiikosa mwaka huu, mwakani itakuwa pale pale. Mimi siachi dawa."

Ilikuwa hotuba nzuri, nami niliona imewagusa, kwa jinsi walivyonitazama bila kupepesa. Ni baadaye tu, nilipopita kwenye kioo, nilipoelewa walichokuwa wanatazama. Manjano yalikuwa yamekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, na vinywele vimechomoza katikati ya nyufa.

Wale wawili waliaga, mume wangu akawasindikiza. Mzee alibaki ameketi, akisema miguu imekufa ganzi. Nilimletea maji. Alikunywa taratibu, kisha akaniuliza yule daktari anapatikana siku gani. Nilidhani anataka kwenda kumlalamikia. Akasema ana binti kijijini, nje kidogo ya Shinyanga, aliolewa akakaa mwaka na nusu, hakupata siku zake wala mtoto. Alipoanza kuota ndevu, wale wakwe hawakusema ana mkono wa mali. Walisema mengine, ya uchawi, wakamrudisha nyumbani. Sasa binti hatoki nje mchana.

"Wewe nilikuona nikafurahi," alisema mzee, akiangalia glasi. "Nikasema kumbe inaweza kuwa bahati. Nilitaka iwe bahati, mayu."

Nilikaa chini. Miaka yote ile nilidhani yule mzee ananikagua kama ng'ombe.

Binti alikuja kwa basi wiki iliyofuata, kajifunga mtandio mpaka puani. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka michache, mrefu, mwenye macho ya mtu anayesubiri kufukuzwa. Baba yake alituacha kwenye geti la hospitali akabaki nje, akizungusha kofia mikononi. Mimi nami nilikuwa na miadi siku hiyo, maana nilikuwa nimeanza vile vidonge vya kukomaza yai na daktari alitaka kuona kama kuna kilichobadilika. Kwenye benchi nilimfundisha binti kila kitu, vifuko, vichocheo, ukuta wa kizazi, kwa mamlaka ya mtu aliyeelezwa mara moja. Nilimnywesha maji, nami nikanywa ya kwangu, chupa kwa chupa, nikimwambia asiogope, mimi nina uzoefu.

Nilipoitwa kwanza, daktari aliniambia kwamba safari hii kipimo changu ni cha njia ya ndani, kwa hiyo natakiwa kibofu kitupu, na kwamba nilielezwa. Nilitoka nikapita mbele ya binti nikikimbia. Aliniuliza kwa macho. Nikampungia mkono kama mtu aliyepanga iwe hivyo.

Niliporudi nilipanda kitandani. Daktari alitazama upande wa kushoto, shanga zilezile. Akaenda kulia, akakaa hapo. Akanigeuzia skrini. Kati ya vile vidoti vidogo kulikuwa na duara moja jeusi, kubwa, la mviringo mzuri, limewaacha wenzake mbali.

"Hilo limetangulia," alisema.

Nilitaka kusema jambo la maana, la kukumbukwa. Nikauliza kama ni wa kike au wa kiume. Daktari alinijibu kwa upole kwamba hapo hakuna mtoto bado, ni kifuko cha yai, na mengine ni kazi yangu na mume wangu. Nililia hata hivyo. Nilikuwa nimelala chali, miguu juu, nalilia kifuko.

Kisha ikawa zamu ya binti, naye aliniomba niingie naye. Alipimwa tumboni. Daktari alimwonyesha yaleyale aliyonionyesha mimi, kwa utaratibu uleule, wala hakuharakisha. Binti alisikiliza yote bila kutikisika. Nilidhani haelewi, nikawa tayari kumtafsiria kwa Kisukuma changu cha mjini. Mwishoni akashusha mtandio, kidevu kikaonekana, akauliza swali moja.

"Kwa hiyo mimi si mchawi?"

"Wewe si mchawi," alisema daktari. "Una ovari zinazohitaji kusaidiwa."

Binti aliyarudia maneno hayo kwa baba yake getini, neno kwa neno. Mzee alisema wabeja, ambayo ni asante, akaisema tena, na akaivaa kofia yake nyuma mbele.

Mwezi ule sikushika mimba, wala uliofuata. Ilichukua raundi kadhaa, na kuna kipindi nilikata tamaa nikalala kutwa nzima nikizitukana shanga zangu moja moja. Mume wangu alinipikia uji uliokuwa na mabonge, nikaunywa. Mimba iliposhika nilikataa kuamini mpaka vipimo vilipoisha dukani. Binti yetu alizaliwa kwa upasuaji, mwenye nywele nyingi, na mama mkwe akaja kutoka Ushirombo na rozari, safari hii bila mfuko.

Machimboni walipata mamalishe mwingine wa kuwafungulia njia, mwanamke mwenye kidevu laini, na duara likatema kidogo. Walisherehekea sana. Yule mamalishe aliniambia sikioni, siku aliyokuja kumwona mtoto, kwamba asubuhi ile alikuwa kwenye siku zake na aliona aibu kusema. Sikumwambia mtu ila mume wangu, naye aliitengeneza redio tena.

Binti wa mzee hakutaka kuolewa upesi. Anajifunza ushonaji Shinyanga, anatumia dawa zake, hedhi yake inakuja, na hutoka nje mchana. Hunipigia simu kuniuliza maswali ambayo mengi sina majibu yake, na nimejifunza, kwa shida, kumwambia amuulize daktari.

Mimi sipandi tena machimboni. Nina kibanda cha chapati na supu hapa Kalangalala, na ndevu zangu zipo, nazing'oa Ijumaa. Wanawake huja, wengine hata hawali. Huuliza kwa kuzunguka, wakianza na bei ya unga, kisha mtoto wa shangazi yao, kisha wao wenyewe. Mimi huwaambia jambo moja tu, waende wakapimwe. Hilo ndilo ninalokusudia kusema. Lakini nikishaulizwa nashindwa kujizuia, nachukua donge la unga, nalibandika mezani kama ovari, napanga vidonge vidogo pembeni, nakichagua kimoja nakisogeza mbele, naeleza na kueleza, mpaka mteja aliye nyuma aniambie kwa upole kwamba mama, chapati inaungua.